Kabla hatujaikata nyumba ya babu, nilipita Kariokor

Mwezi uliopita nilikwenda Nairobi kuzika. Marehemu alikuwa mtu wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyehamia bara ujanani, na kama Waislamu wengi wa Nairobi alilazwa makaburi ya Kariokor. Baada ya dua watu walitawanyika, nami nikavuka barabara kwenda kumwamkia shangazi yangu, ambaye amekaa kwenye magorofa ya Kariokor tangu mimi nikiwa mtoto wa chuoni.

Mfukoni nilikuwa na karatasi. Wasomaji wangu wa hapa pwani wataijua hadithi hii bila kuambiwa mara mbili: nyumba ya babu, ya mawe na chokaa, gorofa mbili juu ya ghala, warithi kumi na mmoja, na tangu bibi alipofariki anayelala humo ni binamu yangu mmoja tu na mapaka. Kontrakta mmoja ametuletea mchoro. Ataikata nyumba iwe fleti tisa, gharama zote juu yake, yeye achukue nne na sisi tubaki na tano. Vijana wa ukoo wamefurahi. Hesabu za kodi zishapigwa kwenye grupu la WhatsApp.

Shangazi ni binti wa babu, kwa hiyo naye ana fungu lake. Akavaa miwani, akaigeuza ile karatasi huku na huku.

"Fleti tisa ni vyoo tisa, mwanangu. Maji machafu ya vyoo tisa yatapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Mchoro ule ulionyesha milango, vitanda, hata sofa. Bomba halikuwemo.

Nimeamua kuyaandika niliyojifunza safari ile na baada yake, kwa sababu najua si ukoo wetu peke yake wenye karatasi kama hii mezani. Na naanzia Kariokor kwa makusudi. Watu wa pwani tukizungumzia nyumba kongwe tunafikiri Lamu, Mji wa Kale na Mji Mkongwe wa Unguja, kana kwamba bara hakuna kongwe. Lakini habari ya kugawanya jengo moja liwe makao ya wengi imeandikwa Kariokor kwa karibu miaka mia.

Jina lenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918 dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Kambi yao ya Nairobi ilikuwa hapo. Ulimi wetu ukalifanya Kariokor, na Dar es Salaam, kwa sababu hiyo hiyo, likawa Kariakoo. Hesabu rasmi za Waingereza wenyewe zilikiri kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na wako wanahistoria wanaosema idadi ni zaidi ya hiyo mara mbili. Wapwani walikuwemo. Sanamu za ukumbusho ziko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na kila siku twapita mbele yake tukikimbilia matatu.

Vita vilipokwisha, mji ulihitaji vibarua lakini haukutaka wawe wenyeji. Pumwani ilikuwa imeshatengwa kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwishoni mwa miaka hiyo baraza la mji likafungua Kariokor mabweni ya wanaume wafanyakazi. Bweni maana yake ukumbi mrefu, vitanda vimepangwa mstari kama hospitali. Mtu analipia kitanda. Hakuna pahala pa mke, hakuna pahala pa mtoto, hakuna mlango wa kufunga ukavua kanzu yako kwa stara.

Binadamu hawezi kuishi hivyo kwa muda mrefu, na ukumbi mrefu ukaishia kukatwakatwa kwa viambaza kuwa vijumba vidogo. Ukiniuliza mimi, hayo ndiyo mageuzi ya kwanza ya jengo kuwa "fleti" katika Nairobi ya Mwafrika. Hayakufanywa kwa ajili ya uzuri wala ya utalii. Yalifanywa kwa ajili ya stara.

Ila angalia kilichogawanywa na kisichogawanywa. Sakafu iligawanywa. Hewa, mwanga, maji na choo vilibaki vile vile vya bweni. Kiambaza ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika nyumba: fundi na mbao zake, jioni kazi imekwisha. Kazi ngumu ni vile vitu ambavyo kiambaza hakiwezi kuvigawa.

Baada ya Uhuru mabweni yale yaliondolewa, na katika miaka ya 1960 yakajengwa magorofa. Jirani yake pana soko la Kariokor lenye viondo, viatu vya ngozi na akala za mipira ya gari, na harufu ya nyama choma. Kutoka hapo kwa miguu unafika Gikomba upande mmoja, na upande wa pili unashika Racecourse Road hadi River Road na katikati ya mji. Hiyo ndiyo thamani ya pahala hapo. Mtu anayetembea kwenda kazini hana nauli ya kulipa. Ndiyo maana hata chumba kimoja cha Kariokor, Ziwani au Starehe kina wapangaji wanaokisubiri.

Shangazi alinipeleka nyuma ya jengo, akanionyesha bomba kubwa linaloshuka toka gorofa ya juu. "Hili," akasema, "ni la wote, kwa hiyo si la mtu." Likiziba, wa juu anasema maji yamekwisha kumtoka, hayamhusu. Wa katikati anasema si choo chake. Wa chini ndiye anayefurikiwa. Mara ya mwisho ilibidi yeye na jirani yake wa mlango wa pili wapite na daftari kila nyumba kuchangisha pesa za fundi, na wako waliowafungia mlango. Huyu ni mwanamke wa zaidi ya miaka sabini.

Kesho yake nilitembea River Road nzima nikitazama juu badala ya kutazama mbele, jambo ambalo Nairobi si la busara sana. Lakini ukiangalia juu utayaona: majengo ya maduka ya Wahindi, gorofa moja au mbili, mwaka wa ujenzi umechongwa pajini, roshani imeezuliwa au imezibwa kwa mabati. Zamani mpango wake ulikuwa duka chini, familia juu. Yaani hayo yalikuwa makao tangu mwanzo. Baadaye familia zikahama, juu kukawa gesti, ofisi au ghala, na chini duka moja likakatwa kuwa vibanda ishirini vya simu na nguo. Kwa hiyo anayesema leo kwamba majengo kama hayo yafanywe fleti hasemi jambo geni. Anarudisha lililokuwepo. Nairobi imejua kuokoa majengo machache ya serikali kwa kuyafanya makumbusho, kama ile ofisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa ya 1913 ambayo sasa ni Nairobi Gallery. Nyumba za watu wa kawaida hazijapata bahati hiyo, na makumbusho hayalali mtu.

Desturi ya Eastlands imekuwa nyingine: kubomoa na kujenga mnara. Pangani, karibu tu na Kariokor, nyumba 48 za kaunti zilivunjwa kupisha nyumba zaidi ya 1,500, na kila mpangaji wa zamani akapewa shilingi 600,000 za kujitafutia pahala wakati wa ujenzi, pamoja na ahadi ya kurudi. Sipingi hesabu hiyo. Pahala palipolala familia 48, kulaza 1,500 ni hoja nzito, na anayelala chumba kimoja na watoto watano hana haja ya kusomewa historia ya matofali. Lakini jengo zima la mawe, lenye kuta za kujitosheleza, ukilivunja unatupa kazi ambayo ilishalipwa. Mahali ambapo mifupa ni mizima, kugeuza ni akili kuliko kuvunja. Swali ni kugeuza vipi.

Hapa ndipo nyumba zetu za pwani zinapotaka kuelezwa, maana hazifanani.

Nyumba ya Kiswahili ya Majengo, ile ya ukumbi katikati na vyumba huku na huku na ua nyuma, ni rahisi kugawa. Kila chumba kina mlango wake ukumbini. Ndiyo maana Majengo ya Mombasa na Majengo ya Pumwani zimepangisha vyumba vizazi na vizazi. Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale si hivyo. Vyumba vyake vinaingiliana: unatoka huku unaingia kule, cha ndani kabisa ndicho cha faragha zaidi, na hakina dirisha la nje. Mwanga na upepo vinatoka kiwanda, ule uwazi wa katikati. Ukigawa nyumba kama hiyo kwa viambaza, ama jirani atapita kwako kwenda kwake, ama wewe utabaki na chumba kisichoona jua. Kontrakta wetu alilitatua hilo kwa wepesi: amekiezeka kiwanda na kuweka fleti mbili ndani yake. Yaani ameuziba mlango wa pua akauita faida.

Kisha mzigo. Dari zetu zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa, yapata mita mbili na nusu hadi tatu. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Boriti zilizokauka zinabeba watu na vitanda karne nzima, lakini hazikuwekwa zibebe tangi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 5,000 juu ya paa ni tani tano, na fleti tisa haziwezi kuishi na tangi dogo.

Tena kuta. Mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukipiga plasta ya saruji nje na ndani ili ing'ae kama fleti za Nyali, chumvi na maji vinabaki ndani, na baada ya misimu michache plasta inadondoka vipande pamoja na uso wa jiwe. Chokaa hutengenezwa kwa chokaa. Mafundi wa Lamu wanalijua hili, na ukiwasikiliza utaokoa pesa zaidi ya unazowalipa.

Zanzibar imetupa mfano wa wazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia mikononi mwa serikali, na jumba lililojengwa kwa familia moja likatiwa familia kadhaa. Kwa upande wa haki, watu wasiokuwa na makao walipata makao, na sitaki mtu anisome vibaya hapo. Lakini kila familia ilihitaji jiko lake na bafu lake, na mabafu yakawekwa popote, gorofa ya juu juu ya boriti kavu. Maji yakawa yanavuja polepole ndani ya kuta. Matengenezo ya paa, kwa kuwa ni la wote, hayakuwa ya mtu. Wakati mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe inaundwa mwaka 1985, majumba mengi yalikuwa yameshaanguka au yako njiani. Ni bomba lile lile la shangazi, ila safari hii limepita ndani ya ukuta.

Na mbaya zaidi ni moto. Tarehe 31 Agosti 2023, Johannesburg, jengo kongwe la katikati ya mji lililokuwa ofisi ya pasi za ubaguzi wa rangi, likawa baadaye makazi ya wanawake wenye shida, na mwisho likatelekezwa likajazwa watu waliolikata kwa mbao na mapazia, liliwaka usiku. Waliokufa ni zaidi ya 70. Njia za kutokea zilikuwa zimefungwa. Hebu sasa fikiria kichochoro cha Mji wa Kale ambacho wawili wakikutana mmoja hupisha, gari la zimamoto limebaki barabara kuu, ngazi ni moja ya mbao, na kuna mitungi tisa ya gesi.

Kariakoo ya Dar nayo, Novemba 2024, gorofa liliporomoka mchana wa biashara likaua watu zaidi ya 20, na lililozungumzwa mara moja ni kazi iliyokuwa ikifanywa chini yake kupanua nafasi ya biashara. Jengo halijui nia yako. Linajua uzito tu.

Nimeuliza pia habari za sheria, kwa kuwa wengi wetu twaziingia tukiwa tumeshavunja ukuta. Mji wa Kale wa Mombasa umetangazwa eneo la hifadhi tangu 1990, kwa hiyo huwezi kubadilisha sura ya nyumba, hata roshani, bila idhini ya ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Kaunti nayo inataka kibali cha mabadiliko ya matumizi na ramani iliyotiwa saini na mchoraji na injinia waliosajiliwa. Ile karatasi ya kontrakta wetu haina saini yoyote.

Halafu kuna umiliki. Sheria ya mwaka 2020 inaruhusu kila fleti kupata hati yake, na wenye fleti wanaunda shirika lao linalosimamia ngazi, paa, mabomba na uwanja wanavyomiliki kwa pamoja, kila mmoja akichangia. Kwangu mimi hiki ndicho kipande cha maana kuliko vyote, maana ndicho kinacholipa lile bomba "la wote" mwenyewe wa kulidai. Lakini inahitaji ardhi yenye hati, na kama ni ya kukodi iwe imebakiwa na miaka isiyopungua 21. Sasa Mombasa wangapi wana nyumba bila ardhi? Baba alijenga, kiwanja ni cha mtu mwingine, kodi ya ardhi inalipwa kwa mwezi au hailipwi. Hapo hakuna hati ya fleti itakayotoka, hata kontrakta aape vipi. Na kama nyumba ni wakfu, haiuzwi hata matofali yake. Anayekuletea mkataba wa kumgawia fleti nne muonyeshe mlango. Sisi kwa bahati tuna hati ya babu, ila mirathi haijapitishwa kwa kadhi. Kwa hiyo kisheria hakuna hata mmoja wetu aliye na kitu cha kumpa kontrakta. Tumekuwa tukigawana kodi ya nyumba ambayo bado ni ya maiti.

Niliporudi Mombasa nilimpeleka injinia mmoja, rafiki wa msikitini, akapanda mpaka paani na nyundo ndogo akigonga boriti moja moja. Tatu zimeliwa na mchwa. Zilizobaki ni nzima. Kwa maoni yake nyumba inabeba fleti nne: mbili kila gorofa, vyoo vyote vipangwe upande mmoja, kimoja juu ya kingine, bomba likishuka nje ya ukuta ambapo laonekana na lafikika. Ghala la chini liwe duka au jiko la kupika biriani za maagizo, pamoja na tangi, ili uzito ukae ardhini na maji yapandishwe kwa pampu. Ngazi ya pili iwekwe nyuma. Kiwanda kibaki wazi. Hakuna kontrakta atakayejenga fleti nne ili achukue nne, na hivyo pesa itabidi zitoke kwetu, polepole, gorofa moja baada ya nyingine, ya kwanza ikipangishwa ili ijenge ya pili.

Hilo ndilo gumu. Fleti tisa ni pesa za mtu mwingine na zinakuja leo. Binamu yangu anayelala humo amenitazama usoni akaniambia mimi nina kazi na mshahara, ndiyo maana naweza kuvumilia chokaa. Sina cha kumjibu, kwa sababu ni kweli.

Kikao kilikuwa Ijumaa baada ya swala, ukumbini kwa babu. Shangazi alishuka na treni kutoka Nairobi, mwenyewe, na kikapu cha Kariokor mkononi. Kontrakta alikuja na mchoro wake mpya wa rangi. Alipomaliza kueleza, shangazi alimuuliza swali lile lile la bomba. Akajibu kwamba hayo mambo madogo yataonekana mbele ya safari.

Mpaka naandika haya, warithi wanane wamekubali fleti nne na kwamba tuanze na kadhi kabla ya fundi. Watatu bado. Binamu hajasema kitu, ila jana nimemkuta ameshusha magodoro yake chini na anazitoa zile boriti tatu zilizoliwa, pamoja na fundi wa kutoka Lamu.